Siri ya Msafiri: Kutoka Njia ya Misafara Hadi Njia ya Intaneti

Utangulizi

Wapo watu wasemao kwamba faragha ni jambo la kigeni, lililoletwa na wageni waliozoea nyumba zenye kuta nene na milango mingi, na kwamba Mwafrika, kwa kuwa aliishi kijamaa, hakuwa na siri mbele ya jirani yake. Siku hizi hoja hii husikika hasa yanapozungumzwa matumizi ya intaneti. Mwalimu akiwaonya wanafunzi wake wasimwage habari zao ovyo mtandaoni, huenda akajibiwa kwamba mtu mwema hana la kuficha. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba hoja hiyo haina msingi katika historia yetu. Wazee wetu wa nchi za magharibi, walioishi kando ya njia kuu ya misafara, waliijua faragha, waliiwekea kanuni, na walipata hasara kanuni hizo zilipovunjwa.

Tumeiweka mbele yetu Igunga, wilaya ya Mkoa wa Tabora iliyo kati ya Nzega upande wa magharibi na mbuga ya Wembere upande wa mashariki. Igunga haikuwa kituo kikuu cha misafara kama Tabora. Hata hivyo iliishi karibu na mwendo huo. Mwanzoni mwa mwaka 1875 msafara mkubwa wa Stanley, ukitoka Ituru na Iramba kwenda Usukuma, uliivuka mbuga ya Wembere. Na leo barabara kuu itokayo Dodoma na Singida kwenda Nzega na hatimaye Rwanda yapita Igunga. Mtu aishiye kando ya njia huwaona wapitao, nao wapitao humwona. Kwa sababu hiyo swali la nani ajue nini juu ya nani ni la zamani sana katika nchi hii.

Baraza na chumba cha ndani

Katikati ya karne ya 19 Tabora, ambayo wasafiri wa wakati ule waliiita Kazeh, ilikuwa makutano ya njia: moja iliteremka Bagamoyo, nyingine ilielekea Ujiji, nyingine ilipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857 baada ya mwendo wa siku 134 kutoka pwani. Waliobeba mizigo ya njia hiyo walikuwa kwa sehemu kubwa Wanyamwezi, vijana waliochukua begani mzigo wa frasila mbili kwa zaidi ya kilomita 800.

Katika mji kama huo watu wa kila namna walipishana kila siku, na nyumba zenyewe zilijengwa kwa kulikumbuka jambo hilo. Tembe la mfanyabiashara wa Tabora lilikuwa na baraza mbele, ambapo mgeni alipokewa, akapewa maji na kuulizwa habari za njia. Nyuma ya baraza vilikuwapo ua, ghala na vyumba vya wenyewe. Mgeni wa barazani hakuingia ghalani. Hata katika nyumba ya mkulima, isiyo na ghala wala ua mkubwa, mtu hakuingia pasipo kupiga hodi na kungoja neno la kumkaribisha. Na akipiga hodi mara tatu asijibiwe, ilimpasa aondoke. Ustaarabu huu wa hodi watufundisha kwamba ukarimu na faragha si maadui. Mwenye nyumba aliweza kuwa mkarimu kwa sababu yeye ndiye aliyeamua mgeni afike wapi.

Kadhalika elimu iligawanywa kwa ngazi. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na vyama kama vile vya Waswezi na Wayeye, ambavyo wanachama wake walikula kiapo cha kutunza siri za dawa, za ibada na za ufundi wa kushika nyoka. Asiyeapa hakufunzwa, na aliyefunzwa aliwajibika kwa wenzake. Siri ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na mipaka, na aliyeivunja alijua kwamba ametenda kosa. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Yaani ajuaye ya ndani ni yule aliyeruhusiwa kuingia ndani.

Wala mtu asidhani kwamba mambo hayo yalihusu wakuu na waganga peke yao. Miongoni mwa wafugaji wengi wa nchi kavu, hata leo, kuhesabu kwa sauti ng'ombe wa mtu mwingine ni utovu wa adabu. Tena mfugaji mwenye busara hakuwaweka mifugo wake wote katika zizi moja. Wengine aliwapeleka kwa jamaa na marafiki wa mbali wamtunzie, ili maradhi au wezi wakifika asipoteze vyote, na ili mpita njia asiweze kupima utajiri wake kwa kutupa jicho mara moja.

Hongo na hesabu ya mizigo

Jambo lililoleta mashaka makubwa njiani lilikuwa hongo. Mtemi ambaye msafara ulipita katika nchi yake alidai malipo kwa nguo za merikani na kaniki, kwa shanga, au kwa masango. Kimsingi dai hilo lilikuwa halali. Msafara ulikunywa maji ya visima vya watu, ukala chakula cha nchi na kupitisha wageni wenye bunduki. Mwenye nchi alikuwa na haki ya kujua ni nani apitaye na kwa nia gani. Ugomvi ulianza alipotaka kujua zaidi, yaani ndani ya kila mtumba mlikuwa na nini, na msafara ulibakiwa na majora mangapi. Aliyejua hesabu hiyo aliweza kupanga hongo kwa kadiri ya mali ya mgeni badala ya kadiri ya desturi. Basi viongozi wa misafara walijifunza kufunga mizigo isitambulike kwa nje, na kufungua mmoja tu mbele ya watu.

Mwaka 1871, katika nchi ya Uha, Stanley na watu wake walitozwa hongo mara kwa mara hata wakaona kwamba mali itakwisha kabla ya kufika Ujiji. Hatimaye walitoka usiku wa manane, kimya kimya, wakaiacha njia na kupita porini. Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni la msafiri: akionyesha mali yote, atatozwa yote. La pili ni la mwenye mlango: akiuliza kupita haki yake, watu hawatamheshimu tena, bali watatafuta njia ya porini. Tutalirudia fundisho hili la pili tutakapozungumzia mambo ya leo.

Barua na mchukuzi wake

Ama kuhusu barua, njia ya misafara inatupa mifano iliyo wazi zaidi. Barua ilisafiri mikononi mwa watu, na usalama wake ulitegemea tabia na masilahi ya mchukuzi. Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1869 aliona taabu kumpata mtu wa kumpelekea barua pwani. Wafanyabiashara wa watumwa waliokuwapo walihofu kwamba barua hizo zingefichua matendo yao, na furushi la barua alilofanikiwa kulituma halikufika. Kwa upande mwingine, mfuko wa barua zake ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulikaa njiani mwaka mzima. Stanley aliukuta umekwama Unyanyembe, akamfikishia Ujiji. Hapa twaona kwamba mchukuzi aweza kumdhuru mwenye barua hata asipoivunja lakiri: aweza kuichelewesha, kuipoteza, au kuwaambia watu kwamba fulani amemwandikia fulani.

Mfano mwingine ni wa Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884. Huyu alikuwa mtawala hodari aliyetikisa biashara yote ya Unyanyembe kuanzia vita vya mwaka 1871. Lakini alipotaka kuandikiana na balozi wa Uingereza huko Unguja, John Kirk, ilimbidi atumie kalamu za watu wengine. Kila shauri la nchi alilolituma lilipita kwanza katika sikio la mwandishi. Haishangazi, basi, kwamba watu wa zama zile waliuthamini mno udugu wa kuchanjana, kama ule waliofanya Mirambo na Stanley Aprili 1876. Palipokosekana sheria ya kumbana ashikaye siri ya mwenzake, kiapo cha damu ndicho kilichomfunga.

Ukoloni ulileta njia nyingine. Wajerumani waliivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe Januari 1893, na reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912. Pamoja na utawala wao ilikuja simu ya maandishi, ambayo kila neno lake lilisomwa na karani kabla ya kumfikia mwenyewe. Katika Vita Vikuu vya Pili barua za askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma zilifunguliwa na wakaguzi wa jeshi, wakaziandikia taarifa juu ya hali ya mioyo ya askari. Kijana wa Unyamwezi aliyemwandikia mkewe habari za nyumbani alikuwa na msomaji wa tatu asiyemjua.

Mtu kugeuzwa namba

Wakoloni walileta pia daftari. Kodi ya kibanda iliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 ilitaka nyumba zihesabiwe na majina ya wenyewe yaandikwe. Baadaye vijana wengi wa Unyamwezi na Usukuma waliandikishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Kila mmoja alipewa namba yake, na kutokana na namba hiyo Kiswahili kikapata neno manamba. Neno hilo limebaki katika lugha yetu kama kumbukumbu ya uchungu: mtu mwenye ukoo, utani na jina la babu yake alisomwa kama tarakimu katika daftari asilolimiliki, asiloweza kulisoma wala kulisahihisha.

Ni haki kusema kwamba daftari lenyewe si baya. Taifa huru lahitaji kuwajua watu wake ili liwajengee shule na zahanati. Vivyo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi katika wilaya za Kahama na Nzega, wananchi walijiunga katika sungusungu, na kulinda kwao kulitegemea kujuana. Tofauti iko katika maswali haya: nani ameshika daftari, alilipata kwa ruhusa ya nani, alitumia kwa kazi gani, na aliyeandikwa ana uwezo gani wa kuhoji.

Njia mpya na wachukuzi wake

Nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, na katika mwaka 2009 ulianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuelekea bara. Kama merikani na shanga za zamani, bidhaa mpya ilitua pwani kisha ikapanda. Leo mwanafunzi wa Igunga aliyeshika simu husafiri hadi Marekani na kurudi kabla hajapepesa macho, wala haoni wachukuzi wake. Yafaa tuwataje.

Mtu afunguapo tovuti, ombi lake hupita kwanza kwa kampuni ya simu, kisha katika mitambo kadha wa kadha, ndipo lifike kwa mwenye tovuti. Anwani ya tovuti ikianza kwa herufi https, yaliyomo hufungwa kama barua ndani ya bahasha. Walakini jina la tovuti iendewayo huweza kuonekana kwa mchukuzi, kama vile jina la mpelekewa lilivyoonekana juu ya bahasha. Tena bahasha iliyofungwa vizuri haimaanishi kwamba aipokeaye ni mwaminifu. Walaghai nao hutumia https.

Mwenye tovuti huweka katika kivinjari cha mgeni alama ndogo ziitwazo vidakuzi, ili amtambue atakaporudi. Nyingine zina manufaa, lakini nyingine ni za makampuni ya matangazo, nazo humfuata mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine, zikihesabu alichosoma, alichotaka kununua na ugonjwa alioulizia. Huyo ndiye mwenye mlango ataka kuijua hesabu ya kila mtumba. Kadhalika programu za simu huomba ruhusa ya kuona majina ya marafiki, picha, na mahali mtu alipo, hata pale ambapo kazi yake haihitaji lolote katika hayo.

Madhara ya jambo hili yamekwisha kuonekana nchini. Zilizuka programu za mikopo ya haraka ambazo, mtu akijiunga, hujichukulia orodha ya majina yote yaliyo katika simu yake. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha hupelekwa kwa mkwe, kwa mwalimu, kwa mwajiri. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Hebu tutazame ubaya wake: mkopaji alitoa ruhusa, lakini wale jamaa waliomo katika orodha yake hawakuulizwa. Kwa hiyo faragha ni deni letu kwa wengine pia. Aifunguaye simu yake ovyo hufungua nyumba za watu wasiokuwapo.

Kanuni za msafiri wa leo

Kutokana na historia hiyo twaweza kutoa kanuni chache ambazo mwalimu aweza kuwafunza wanafunzi wake.

Kwanza, toa hongo ya desturi tu. Tovuti au programu ikiomba habari, tujiulize kama habari hiyo yahitajika kwa kazi tuliyoiendea. Programu ya kamusi haina haja ya kujua tulipo. Ruhusa isiyo na sababu ikataliwe, na ile iliyotolewa zamani ikaguliwe katika mipangilio ya simu na kuondolewa. Vidakuzi vya watu wa pembeni navyo vyaweza kuzuiwa katika kivinjari.

Pili, usiweke ng'ombe wote katika zizi moja. Neno la siri lisiwe moja kwa kila mahali, maana mwizi akilipata la tovuti dhaifu atalijaribu katika barua pepe na katika benki. Kila akaunti muhimu iwe na neno lake refu, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe.

Tatu, mjue mchukuzi na mwandishi wako. Namba ya siri ya muda itumwayo kwa ujumbe haipewi mtu yeyote, hata ajitambulishe kuwa ni mfanyakazi wa kampuni ya simu. Ujumbe usemao ile pesa itumwe kwenye namba hii umewaliza wengi kwa sababu hawakupiga hodi kwanza, yaani hawakumpigia simu yule wanayemdhania na kuisikia sauti yake.

Nne, fahamu mipaka ya ulinzi wako. Dirisha la faragha la kivinjari hufuta nyayo ndani ya chombo chako tu. Kampuni ya simu na mwenye tovuti bado wanaweza kukuona. Ni kama mtu afutaye nyayo katika ua wake baada ya kupita mjini mchana kweupe. Huduma za mtandao binafsi, maarufu kama VPN, humficha mtu mbele ya mchukuzi mmoja na kumkabidhi kwa mchukuzi mwingine, ambaye uaminifu wake nao wahitaji kupimwa. Tena hapa nchini Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watumiaji wa huduma hizo wajisajili. Basi atumiaye aijue sheria.

Tano, katika kompyuta ya shule au ya maktaba, mtu asiondoke pasipo kufunga akaunti yake. Na kabla ya kubandika picha au habari, ya kwake au ya mwenzake, akumbuke kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria badala ya kiapo cha damu

Busara ya mtu mmoja, hata hivyo, haitoshi. Mirambo alikuwa na busara nyingi, lakini hakuwa na mahakama ya kumshitakia mwandishi mwongo. Leo Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume iliyoundwa chini yake ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Sheria hiyo yamtaka akusanyaye taarifa za mtu awe na lengo halali lililotajwa, na yampa mwenye taarifa haki ya kujua, ya kusahihisha na ya kulalamika. Kenya na Uganda zilitunga sheria za namna hiyo mwaka 2019.

Haki hizo ni jibu kwa manamba aliyeandikwa katika daftari asiweze kulisoma. Lakini sheria isiyojulikana ni kama kisima kilichofunikwa: mwenye kiu hupita juu yake. Na hapa larudi fundisho la Uha. Tangu mwaka 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, kwa nia ya kuzuia uhalifu, na dola ina haki yake ya kujua apitaye. Haki hiyo itaheshimiwa kadiri itakavyobaki ndani ya mipaka ya sheria. Na kila mwenye mlango, awe kampuni au ofisi ya umma, akiuliza kuliko haki yake, atawafundisha watu kupita porini.

Hitimisho

Tumeona kwamba watu wa njia ya misafara hawakuificha nafsi kwa sababu ya uovu. Walipiga hodi, walifunga mizigo, walitawanya mifugo, waliapa viapo, kwa sababu walijua kwamba mtu asiye na mlango wake mwenyewe hana ukarimu wa kutoa wala heshima ya kulinda. Mwalimu afundishaye matumizi ya intaneti haleti somo geni darasani. Analitafsiri somo la zamani kwa vyombo vipya. Na mwanafunzi akiulizwa habari zake na tovuti asiyoijua, kabla ya kubonyeza neno la kukubali, ajiulize kama mgeni huyo amepiga hodi, ni nani aliyemtuma, na kama anastahili kuishia barazani.